Valvu ya moyo ya ng'ombe inadumu miaka mingapi? Swali fupi, majibu kibao

Mtu akiambiwa valvu yake ya aota imekwisha na inabidi ibadilishwe, swali la kwanza karibu kila mmoja anauliza ni je hiyo mpya itakaa muda gani, na jibu analopewa mara nyingi ni moja, miaka 10 mpaka 15. Basi anarudi nalo nyumbani anapiga hesabu, nina 52, nikijumlisha 15 ni 67, haya twende. Kumbe hiyo namba haimo ndani ya valvu. Imetokana na vitu vitatu vilivyochanganyika, valvu yenyewe, mtu aliyewekewa, na namna watafiti walivyohesabu, na ukigusa kimoja tu kati ya hivyo namba nayo inahama, tena inahama sana. Ndo maana mzee wa miaka 78 anaambiwa hii utazikwa nayo, halafu kijana wa 25 mwenye valvu ya kampuni ileile saizi ileile anarudi chumba cha upasuaji hata miaka 10 haijafika. Wote wawili wameambiwa ukweli.

Tuanze na kitu chenyewe. Aota ni ule mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwili mzima, na mlangoni pake kuna valvu yenye vipande vitatu vyembamba, vinafunguka moyo ukisukuma, vinafunga moyo ukipumzika ili damu isirudi nyuma. Moyo ukidunda mara 70 kwa dakika hiyo ni zaidi ya mara 100,000 kwa siku, karibu milioni 37 kwa mwaka. Valvu uliyozaliwa nayo inahimili hiyo kazi kwa sababu ni kitu hai, ina seli zake ndani, kikichakaa kidogo zinakarabati. Ile ya kuwekewa haina huo ufundi.

Za kuwekewa ziko kambi mbili. Kuna ile watu wanaita ya chuma, ingawa za sasa vipande vyake ni kaboni ngumu na wala siyo chuma, hii haichakai kirahisi, mtu anaweza kukaa nayo maisha yake yote, ila damu inapenda kugandia juu yake kwa hiyo unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku na kupima INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, mpaka mwisho. Kambi ya pili ni za tishu, zinatengenezwa kwa valvu ya nguruwe au kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, wanaukata, wanaushona kwenye fremu. Hizi hazikudai warfarini ya maisha, ila zinachakaa. Hiyo ndo biashara yenyewe, unalipa kwa dawa au unalipa kwa muda.

(Kwa wanaouliza kuhusu nguruwe, manake najua hili litaulizwa: masheikh wengi wanaruhusu kwa dharura pale ambapo hakuna mbadala, lakini kwa aota mbadala upo na ni wa kawaida kabisa, valvu nyingi za upasuaji za siku hizi ni za utando wa ng'ombe. Kwa zile zinazopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kufungua kifua, tutazifikia mbele, inategemea kampuni, SAPIEN ya Edwards ni ng'ombe, Evolut ya Medtronic ni utando wa nguruwe. Uliza kabla ya siku ya operesheni, siyo baada.)

Habari ya valvu za wanyama ilianzia Paris. Mwaka 1965 Jean-Paul Binet na Alain Carpentier waliwawekea watu valvu za nguruwe, zikafanya kazi, lakini hazikukaa, mwili ulizishambulia zikaharibika mapema. Carpentier akaona kwamba ishu siyo ufundi wa kushona, ishu ni tishu yenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 60 akaja na glutaraldehaidi, kemikali ileile inayotumika viwandani kudabagha ngozi. Inafunga protini za tishu zishikane, inaua kila seli iliyomo, na inaficha sehemu kubwa ya alama ambazo kinga ya mwili ingezitambua kwamba huyu ni mgeni. Ghafla valvu zikaanza kukaa miaka badala ya miezi. Mwaka 2007 Carpentier alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Albert Starr, yule Mmarekani aliyefanikiwa na valvu ya kipira mwaka 1960.

Sasa kemikali iliyookoa valvu ndo hiyohiyo inayochangia kuiua, na hapa ndo pazuri.

Ukiua seli za tishu unabaki na mabaki yake, hasa mafuta ya kuta za seli, na seli iliyokufa haina tena uwezo wa kusukuma kalsiamu nje. Kalsiamu ya kwenye damu inaingia, inakutana na fosfeti iliyomo kwenye yale mabaki, punje zinaanza kujijenga. Juu ya hapo glutaraldehaidi inaacha ncha zake ambazo hazijashikana na kitu, nazo zinavuta kalsiamu. Kwa hiyo kidogokidogo kipande kilichokuwa laini kinakuwa kigumu, kinafunguka nusu, na mtu anarudi kulekule alikotoka, mlango mwembamba, pumzi inakata akipanda ngazi. Au ile sehemu ngumu inapokutana na laini panachanika, hasa kwenye pembe pale kipande kinaposhikana na fremu ambapo mkazo ni mkubwa kuliko kwingine, damu inaanza kurudi nyuma, na hii ya kuchanika inaweza kuja kwa haraka, leo mzima kesho amelazwa. Na kinga ya mwili nayo haijalala, ile kuficha siyo kuficha kote, kuna sukari moja kwenye tishu za ng'ombe na nguruwe inaitwa alfa-gali ambayo binadamu hatunayo na sote tuna kingamwili dhidi yake, kwa hiyo kuna uchokozi wa chinichini unaoendelea miaka yote.

Ukishaelewa hapo, habari ya umri inajieleza yenyewe. Kijana ana kinga kali zaidi, mwili wake unachakata kalsiamu kwa kasi zaidi, na moyo wake unasukuma damu nyingi zaidi kwa nguvu zaidi. Mtoto au kijana wa sekondari akiwekewa valvu ya tishu inaweza kujaa kalsiamu ndani ya miaka michache tu. Mzee wa 75 kila kitu kimepoa, valvu inapumua. Wenye figo zilizofeli nao wanaingia kundi la hatari hata wakiwa na umri mkubwa kwa sababu kalsiamu na fosfeti zao zimevurugika. Na aliyewekewa valvu ndogo kuliko mwili wake pia, manake damu inapita kwa kulazimisha na kila mdundo unaipiga tishu zaidi ya inavyostahili.

Namba zenyewe zinaonyesha. Valvu ya utando wa ng'ombe iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko karibu zote ni Perimount ya Carpentier na Edwards, ilianza kuwekwa mwanzoni mwa miaka ya 80. Kule Tours, Ufaransa, walifuatilia watu 2,659 waliowekewa na mwaka 2015 wakatoa matokeo: kwa wote kwa pamoja muda uliotarajiwa wa valvu kudumu ulikuwa miaka 19.7. Nzuri sana hiyo. Lakini fungua kwa umri uone. Waliokuwa na miaka 60 au chini, ilipofika mwaka wa 15 kama asilimia 71 walikuwa hawajarudi kufanyiwa operesheni kwa sababu ya kuchakaa, ilipofika mwaka wa 20 ni asilimia 38 tu. Waliokuwa juu ya 70, mwaka wa 15 asilimia 98 walikuwa hawajarudi.

Hebu angalia hiyo ya vijana tena, 71 kwenda 38 ndani ya miaka mitano. Hii ni kitu ambacho maelezo ya kawaida hayakisemi, valvu ya tishu haichakai kwa mwendo mmoja. Miaka 8, 10 ya mwanzo karibu hakuna kinachotokea, eko, zile picha za moyo za mawimbi ya sauti, zinarudi safi, mtu anasahau kama ana valvu, halafu kuanzia hapo mteremko unaanza na unazidi kuwa mkali. Kwa hiyo mtu anayekwambia mimi mwaka wa saba huu iko kama mpya hajakudanganya, ila hajakwambia chochote kuhusu mwaka wa 14.

Na hiyo 98 ya wazee? Hapo tunaingia kwenye kuhesabu, na kuhesabu ndo kunavuruga watu kuliko yote.

Chukua wazee 100 wa miaka 78, mfano wa kubuni tu. Baada ya miaka 15 wengi, tuseme 85, wameshafariki kwa mambo mengine, saratani, kiharusi, uzee, valvu ikiwa nzima. Watano walirudishwa operesheni kwa sababu valvu ilichakaa. Kumi wapo hai na valvu yao. Je, valvu imefeli kwa asilimia ngapi? Ukisema watano kati ya 100, uko sahihi, hiyo ndo nafasi halisi ya mzee kama huyo kurudi mezani. Lakini kuna njia nyingine ya hesabu, maarufu sana kwenye ripoti za madaktari, ambayo inamchukulia aliyefariki kana kwamba aliondoka tu kwenye utafiti na angeishi valvu yake ingeendelea kuchakaa kama za wenzake waliobaki. Hiyo inajibu swali tofauti, kwamba kama hakuna anayekufa kwa kitu kingine, valvu zitafeli kwa kasi gani, na hapo asilimia inapanda juu sana. Njia zote mbili ni halali kabisa. Ya kwanza inamfaa mgonjwa mzee anayetaka kujua yatakayompata, ya pili inamfaa anayetaka kujua uimara wa kifaa, na inamfaa pia kijana kwa sababu yeye kweli anatarajiwa kuwa hai. Balaa inakuja pale mtu wa miaka 45 anapopewa namba ya wazee. Kipeperushi kikisema asilimia 95 ya valvu zilikuwa hazijabadilishwa baada ya miaka 15, uliza kwanza hao watu walikuwa na umri gani siku wanawekewa, na wangapi walikuwa bado wanapumua.

Bado kuna mtego mwingine humohumo. Tafiti za zamani nyingi zilihesabu kurudi operesheni kama ndo kufeli. Sasa mzee wa 88 ambaye valvu imebana lakini hawezi kuvumilia kufunguliwa kifua tena, au amekataa, huyo kwenye karatasi anaandikwa valvu haijafeli, hajaifanyia kitu. Yumo kwenye ile 98. Ndo maana miaka ya karibuni wataalamu wamekaa wakakubaliana upya nini maana ya kuchakaa, kuanzia 2017 Ulaya na tena 2021, wakasema tusisubiri operesheni, tuangalie eko, presha ya damu kupita kwenye valvu imepanda kiasi gani ukilinganisha na ilivyokuwa mwanzo, kuna damu inarudi au hakuna. Ukitumia hicho kipimo valvu zinaonekana zinaanza kuchakaa mapema kuliko tulivyoambiwa, siyo kwamba valvu zimekuwa mbovu, ni kwamba sasa tunachungulia.

Walivyokaa hapo pia walitenganisha vitu vilivyokuwa vinatupwa kwenye kapu moja. Kuchakaa kwa tishu yenyewe ni kitu kimoja. Damu kuganda juu ya vipande ni kingine, na hii ni muhimu sana kuijua kwa sababu kwenye eko zinaweza kufanana, presha imepanda, kipande kinatembea kwa shida, lakini hii ya kuganda mara nyingi inaondoka kwa kutumia warfarini miezi kadhaa bila kisu. Kipimo cha CT kinasaidia kutofautisha. Halafu kuna kidudu, maambukizi kwenye valvu, yanayoweza kuimaliza valvu nzima ndani ya wiki iwe ina mwaka mmoja au 15, na njia mojawapo kubwa ya bakteria kuingia ni meno mabovu. Mtu mwenye valvu ya kuwekewa anatakiwa aseme kwa daktari wa meno kabla hajang'olewa, apewe antibayotiki kwanza. Hili wengi hawaambiwi.

Haya, sasa kampuni. Kila miaka michache inakuja valvu mpya yenye tangazo zuri, na historia ya hii sekta inanifanya niwe mgumu kuamini. Kabla valvu haijawekwa kwa mtu inapigishwa kwenye mashine, inafunguliwa na kufungwa mara milioni 200, inasikika nyingi lakini gawa kwa milioni 37 ni kama miaka mitano na kitu. Na mashine hiyo haina kinga ya mwili, haina damu yenye kalsiamu. Wanaiweka pia kwa kondoo wadogo, kwa vile kondoo anayekua anajaza kalsiamu haraka sana, wanaangalia baada ya miezi kama mitano. Vyote ni vipimo vya maana, lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kukwambia mwaka wa 12 kwa mama wa miaka 50.

Ushahidi upo. Miaka ya 70 Leeds, Uingereza, Marian Ionescu alitengeneza valvu ya utando wa ng'ombe iliyokuwa inapitisha damu vizuri kuliko za nguruwe, ikauzwa dunia nzima kwa jina la Ionescu-Shiley, kisha vipande vikaanza kuchanika, tatizo lilikuwa muundo, namna vilivyoshonwa kwenye fremu, na katika miaka ya 80 ikaondolewa sokoni. Mitroflow ilikuja na wazo la kuweka tishu nje ya fremu badala ya ndani ili njia ya damu iwe pana, hasa kwa wenye aota ndogo, na kwa miaka mingi haikuwa na dawa ya kuzuia kalsiamu, mwaka 2014 Wafaransa wakaonyesha inachakaa mapema kuliko ilivyodhaniwa. Halafu Trifecta, nayo tishu nje ya fremu, matokeo ya mwanzo mazuri ajabu, madaktari wakaipenda, ikawekwa kwa watu wengi, mpaka Februari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani FDA ikatoa tahadhari kwamba inaweza kuchakaa mapema, na mwaka huohuo Abbott, kampuni inayoitengeneza, wakaacha kuiuza. Mara tatu, somo lilelile: njia pana ya damu siku ya kwanza siyo maisha marefu. Kama wewe au mzee wako ana moja ya hizo haimaanishi imeshakufa, inamaanisha eko isirukwe hata mwaka mmoja.

Siku hizi inayosifiwa ni Inspiris Resilia ya Edwards, iliruhusiwa Marekani 2017, tishu yake imetibiwa kuziba zile ncha za glutaraldehaidi zinazovuta kalsiamu halafu inahifadhiwa kavu. Matokeo ya miaka saba ya utafiti wao wa COMMENCE kuhusu tishu hiyo yanaonyesha karibu hakuna iliyochakaa. Kwa maoni yangu sayansi yake ina mantiki na inaweza kweli kuwa bora, ila kumbuka pale juu, miaka 7 ni kabla ya mteremko. Perimount nayo ilikuwa nzuri mwaka wa saba. Daktari anayemwambia mtu wa 40 kwamba hii inakaa miaka 25 anaongea matumaini.

Tufike kwenye TAVI, ile ya kupitisha valvu iliyokunjwa kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye moyo bila kufungua kifua. Alain Cribier aliifanya ya kwanza Rouen mwezi wa nne 2002, kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyekuwa tayari kumpasua. Ilianza kwa wazee waliokatiwa tamaa, ikashuka, mpaka 2019 tafiti kubwa zikaonyesha hata wenye hatari ndogo ya operesheni wanafanya vizuri nayo. Je inadumu kama ya upasuaji? Kuna utafiti unaitwa NOTION, watu 280 wa Denmark na Sweden, wastani miaka 79, ulitoa matokeo ya miaka 10 mwaka 2024, kuchakaa kukali ilikuwa asilimia 1.5 kwa TAVI na 10 kwa upasuaji. Vichwa vya habari vikaruka juu, TAVI inadumu kuliko upasuaji! Pole pole. Kwanza karibu asilimia 63 ya watu pande zote walikuwa wameshafariki, kwa hiyo tunaongelea valvu za wachache waliobaki. Pili, upande wa upasuaji kulikuwa na watu waliowekewa Mitroflow na Trifecta, zilezile tulizotoka kuzisema, kwa hiyo mpinzani alishaingia uwanjani anachechemea. Mimi ninachochukua hapo ni kwamba kwa mzee wa karibu 80 TAVI inatosha, haihitaji kudumu zaidi ya hapo. Kwa mtu wa 58 huo utafiti hauna la kumwambia.

Na kwa mtu wa 58 swali limeshabadilika. Zamani ilikuwa valvu hii itadumu muda gani, sasa ni valvu hii ikiisha nitawekewaje inayofuata. Kwa sababu inawezekana kupitisha valvu ya TAVI ndani ya ile ya zamani iliyochakaa, inafunguka humo ndani inabana vile vipande vya zamani pembeni, mtu anaenda nyumbani baada ya siku chache. Hii imebadilisha fikra za madaktari wengi, vijana wanashawishiwa kuchukua tishu mapema wakiambiwa ikiisha tutaweka nyingine ndani. Ni kweli, ila kuna bei isiyotajwa, kila valvu unayoingiza ndani ya nyingine inapunguza njia. Aliyewekewa ya milimita 25 ana nafasi, aliyewekewa ya 19 ukimtia nyingine ndani anabaki na kishimo, presha inabaki juu na pumzi haimrudii sawasawa. Ndo maana madaktari wa upasuaji makini siku hizi wanapambana operesheni ya kwanza kupanua mzizi wa aota ili waingize valvu kubwa, kule Michigan Bo Yang ana mbinu yake ya tangu 2020 inayoongeza saizi kadhaa kwa mpigo. Na kuna mishipa inayolisha moyo wenyewe, inatokea palepale juu ya valvu, ukirundika fremu mbili tatu unaweza kuiziba au ukashindwa kuifikia siku ukihitaji stenti, kile kibomba cha kupanua mshipa ulioziba. Aliyeanza na TAVI akiwa kijana naye, siku ikibidi kuitoa kwa upasuaji, ni kazi nzito na ya hatari kuliko operesheni ya kwanza ya kawaida.

Mtu anayejulikana dunia nzima kwa hii safari ni Arnold Schwarzenegger, alizaliwa na valvu isiyo sawa, akaingia operesheni 1997 akiwa na miaka 49, hakuchukua ya kaboni, alichukua ya tishu yake mwenyewe, yaani valvu yake ya upande wa mapafu ikahamishiwa kwenye aota na pale ilipotoka ikawekwa nyingine ya tishu. Mwaka 2018 akarudi kubadilishwa ile ya upande wa mapafu, walianza kwa njia ya mshipa ikaharibika wakamfungua kifua kwa dharura, 2020 akarudi tena kwa ya aota. Kwa kipimo cha tishu hayo ni mafanikio, miaka 21 kati ya 1997 na 2018. Ila huyo ana hospitali kubwa za Marekani karibu na pesa ya kulipa.

Na hapo ndo inabidi tuongelee huku kwetu, manake hizo namba za Tours na Denmark ni za watu wenye umri wa babu zetu. Afrika Mashariki wengi wanaobadilishwa valvu hawajafikia uzee, wengi ni wale walioumwa koo utotoni, wakapata homa ya rumatiki, ikala milango ya moyo, mara nyingi ule wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na wengine aota pia. Ni vijana. Yaani kundi lilelile ambalo tishu inachakaa kwao haraka kuliko wote. Kwa karatasi jibu ni rahisi, wapewe ya kaboni, miongozo ya Marekani inasema chini ya miaka 50 na ya Ulaya chini ya 60 ndo uelekeo. Utafiti mkubwa wa California wa 2017 nao ulikuta kwa aota faida ya kuishi zaidi ukiwa na kaboni inaonekana mpaka kama miaka 55.

Lakini kaboni inataka INR. Mtu anaishi kijijini, kipimo kipo hospitali ya rufaa, nauli kwenda na kurudi ni hela ya wiki, warfarini leo ipo duka la dawa kesho haipo. INR ikishuka valvu inaganda, ikipanda anavuja damu kichwani. Na zile dawa mpya za kuzuia kuganda zisizohitaji kupima hazifai kwa valvu ya kaboni, dabigatrani ilijaribiwa utafiti ukasimamishwa, apiksabani nayo 2022 ikasimamishwa hivyohivyo. Halafu msichana wa miaka 22 anayetaka kuzaa, warfarini inaingia kwa mtoto tumboni na inaweza kumlemaza, hasa wiki za mwanzo. Ndo maana wapo mabinti wanaowekewa tishu huku kila mtu chumbani akijua itaisha akiwa na miaka 30 na kitu, na sioni kama ni uamuzi wa kijinga, ni kununua miaka ya kuzaa kwa kujua. Kinachonikera ni pale anapowekewa bila kuambiwa kwamba operesheni ya pili siyo labda, ni lini, na hakuna aliyekaa na familia kupanga hiyo ya pili itafanyikia wapi na italipwa na nani.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari, badala ya kuuliza inadumu miaka mingapi, muulize kwa mtu wa umri wangu mwenye modeli hii, wangapi wamerudi wakifika mwaka wa 15, mlihesabu waliorudi operesheni au mlipima kwa eko. Utaniwekea saizi gani, ikiisha inawezekana kuweka nyingine ndani. Baada ya operesheni fanya eko ndani ya miezi mitatu ya mwanzo na uhifadhi hayo majibu maisha yako yote, kwa sababu kuchakaa kunapimwa kwa kulinganisha na siku hiyo, bila hiyo karatasi daktari wa mwaka wa 12 anakisia. Utapewa pia kadi yenye jina la valvu, modeli, saizi na namba yake. Ipige picha uitume kwa watu wawili wa nyumbani, maana siku utakayoletwa huna pumzi, daktari wa zamu atataka kujua ni 19 au ni 25.